Maganda Yanayokunywa Maji

Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo kilikuwa kidogo, watu wasiozidi arobaini, nacho kilikamua marakuja. Kule Ngara, Tanzania, nilikokulia tuliziita pasheni, lakini Kigali ukisema pasheni watu wanakutazama tu, kwa hiyo nami nilizoea kusema marakuja. Kazi yangu ilikuwa kupima juisi: utamu wake, ukali wake, kama imeanza kuchacha. Nilikuwa na chumba chenye meza moja, mizani, na dirisha lililotazama shimo la maganda.

Shimo hilo ndilo lililoanzisha yote. Marakuja ukishaikamua, sehemu kubwa ya tunda inabaki ganda. Kila siku maganda yalitoka kwa mapipa, yakamwagwa shimoni, yakaoza. Nzi walijaa. Mvua ikinyesha, tope la zambarau lilishuka hadi barabarani na watu wakateleza. Majirani walikuja kulalamika mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili wakaja na kiongozi wa mtaa. Siku hiyo meneja aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi.

"Wewe ndiye umesoma," akaniambia. "Nitafutie namna ya kuyaondoa haya maganda kabla majirani hawajatuondoa sisi."

Nilikuwa na jambo moja kichwani tangu chuoni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kinachofanya jemu igande ni gundi iliyomo katika maganda ya matunda, pektini, na kwamba gundi hiyo inashika maji yenye uzito mara nyingi kuliko uzito wake yenyewe. Darasani niliandika, nikafaulu mtihani, nikasahau. Sasa nikitazama lile shimo nilijiuliza: kama inashika maji kwenye mkate wangu wa asubuhi, kwa nini isiyashike kwenye udongo?

Nikaanza kubeba maganda hadi nyumbani kwetu, mtaa wa Kagugu. Nilikuwa nayaanika kwenye mikeka uani, nayatwanga, nayachemsha na maji ya ndimu, kisha nachuja. Kile kitokacho ni ute mzito kama wa bamia. Ukiumwagia maji ya chokaa unashikana hapo hapo, unakuwa kama maziwa mgando. Unauosha mara mbili ili chokaa iliyozidi itoke, unauanika tena, ukikauka unauvunja uwe chenga kama za mchele.

Mume wangu alikulia Uganda. Kiswahili chake ni cha sokoni na hana haya nacho. Siku ya kwanza alichungulia sufuria akaziba pua.

"Hii chakula iko ya nani?"

"Si chakula. Ni ya kushika maji."

"Basi shika wewe. Mimi nakula kwa jirani."

Lakini nilipotia kijiko kimoja cha chenga ndani ya glasi ya maji mbele yake, na baada ya robo saa nikaipindua glasi na lisidondoke hata tone, aliichukua glasi akaitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Nilipanda maharage kwenye makopo mawili barazani, moja lenye chenga na moja la udongo mtupu, na yalipoota nikaacha kumwagilia. Siku ya nane maharage ya udongo mtupu yalikuwa yamelala chini. Yale mengine yalisimama, majani mapana, kana kwamba hayana habari. Nilipiga kelele hadi jirani akatoka.

Sikujua kuwa maharage si parachichi. Hilo nililijua baadaye.

Mama mmoja mwenye kitalu cha miche alikuja kiwandani mwezi wa tano kuomba maganda ya mbolea. Alikuwa amepita miaka sitini, mfupi, mwenye magoti mabaya, na alipofungua mdomo Kiswahili chake kilinishika moyo kwa sababu kilikuwa cha mtu aliyezaliwa nacho. Wazazi wake walitoka Rwanda wakakimbilia Bujumbura, naye alikulia Buyenzi, mtaa ambao watoto wanacheza, wanagombana na kuota kwa Kiswahili. Kigali Kiswahili ni lugha ya watu kupitana sokoni. Tulipokutana sisi wawili tulikaa juu ya mapipa matupu tukaongea mpaka juisi ikanisubiri.

Kitalu chake kilikuwa bondeni chini ya Kinyinya, kimezungukwa na majumba yanayojengwa. Alikuwa na miche mia tatu ya parachichi iliyobebeshwa, kila mmoja ameukata, akauunga na kuufunga kwa mkono wake. Ilikuwa imeagizwa na wakazi wa mtaa mmoja wa Rebero, mche mmoja kwa kila nyumba, wapande mvua za mwezi wa tisa zitakapoanza. Kwa kuwa plastiki imepigwa marufuku, alipanda miche kwenye viriba, vifuko alivyoshona mwenyewe kwa magome makavu ya migomba. Viriba vizuri, lakini maji yanapita ubavuni. Zamani hilo halikumsumbua, kwani mfereji ulipita kando ya kitalu. Wajenzi walipofika juu, mfereji ulifukiwa. Sasa alikuwa anabeba maji kutoka bomba la kulipia, jerikeni kwa jerikeni, kila siku, na kiangazi cha miezi mitatu kilikuwa mlangoni.

Nilimwonyesha glasi yangu. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole ndani ya ule ute, akakinusa.

"Inaua?"

"Haiui, mama. Ni maganda tu, ndimu na chokaa."

"Basi tuanze na mistari miwili, tuone."

Hapa ndipo penye kosa langu, na sitalipunguza. Ni mimi niliyemwambia kiangazi hakingoji majaribio. Nilimwambia kwamba tukingoja kuona mistari miwili, mistari ishirini iliyobaki itakuwa imekauka, na magoti yake hayatafika mwezi wa nane. Nilisema kwa ujasiri wa mtu aliyewahi kuotesha makopo mawili ya maharage. Alinitazama, akatazama jerikeni zake.

"Wewe ndio umesoma, binti yangu," akasema.

Maneno yale yale ya meneja. Safari hii yalinipendeza.

Nilichukua mapipa manne ya maganda katika majuma mawili, siku yoyote niliyopata gari la kunisaidia. Pipa la mwisho nilipolichemsha, maji ya bomba Kagugu yalikuwa yamekatika siku ya tatu. Ule ute unaotakiwa kuoshwa mara mbili niliuosha mara moja, tena kwa maji kidogo. Nilijiambia haidhuru. Kisha nikazichanganya chenga zote katika gunia moja, kwa sababu zilifanana.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita tuliitoa miche yote kwenye viriba, tukachanganya udongo na chenga, kijiko kwa kila kiriba, tukairudisha. Ilituchukua Jumamosi nzima na Jumapili baada ya misa.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu. Mama alimwagilia mara moja kwa siku nne. Alinipigia simu kuniambia amelala mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi nchini. Kwenye jumuiya yao ya kanisa alinisifu kiasi kwamba mama mmoja nisiyemjua alinisimamisha njiani, akanishika mikono miwili akaniita daktari. Nilikataa jina hilo kwa mdomo tu.

Kisha, asubuhi moja ya Jumanne, simu.

"Njoo uone kitu," akasema. Sauti yake haikuwa na wasiwasi. Wangu ulianza palepale.

Nilichukua pikipiki hadi bondeni kabla ya kazi. Alinipeleka mstari wa sita, akainua jani kwa kidole. Ncha ilikuwa kahawia, imekauka kama karatasi iliyopita karibu na moto. Sehemu nyingine ya jani ilikuwa kijani safi.

"Ni jua," alisema. "Mwaka huu jua iko kali."

"Ni jua," nikajibu. Lakini miche ile ilikuwa chini ya kichanja cha nyasi, na jua halichagui ncha za majani.

Kuanzia siku hiyo nilipita kitaluni kila asubuhi. Nilimwambia nakuja kumsalimia. Nilikuwa nakuja kuhesabu majani yaliyoungua. Jumatano kumi na moja. Alhamisi ishirini na mbili. Ijumaa kahawia ilikuwa imetoka nchani ikaanza kushuka kingoni mwa jani, na nilikuwa nikijiambia kwamba mengine nimeyahesabu mara mbili. Kazini nilipima juisi ileile mara tatu kwa kutoamini macho yangu. Nikimsikia mtu akikohoa nje ya mlango, nilidhani ni yeye amekuja kuniuliza.

Jumamosi, alipokwenda kuchota maji, nilijaza udongo kidogo kwenye chupa, nikaenda nao kiwandani. Niliukoroga na maji safi, nikachovya karatasi ya kupimia asidi. Udongo wa kitalu kile ulipaswa kuiacha karatasi katika rangi ya njano, kijani kidogo. Iligeuka bluu, rangi ya vitu vya alkali kama sabuni na chokaa. Nikachukua karatasi nyingine. Bluu.

Chokaa peke yake isingefikisha hapo, hata ile ya kuoshwa mara moja. Nilikaa kitini nikitafuta ni nini kingine, na ndipo nikasikia nje sauti ya mapampu. Ilikuwa moja ya siku za kuosha mitambo. Nilitoka nikamwuliza fundi anayeiosha, mtu mkimya aliyekuwa kazini pale kabla yangu.

"Maji ya kuoshea, ile soda ya kostiki, unaimwaga wapi?"

"Kwenye karo."

"Siku zote?"

Alifikiri. "Karo ikiziba, namwaga juu ya maganda. Mwezi wa tano iliziba mara moja, Ijumaa ya tatu."

Mwezi wa tano, Ijumaa ya tatu, ndipo nilipochukua pipa langu la nne.

Kwa asiyejua: soda ya kostiki ni ile inayoyeyusha mafuta kwenye mabomba. Ikishamaliza ukali wake bado inaacha chumvi, na chenga zangu, zilizotengenezwa kwa kushika, ziliishika barabara. Mparachichi ni mti unaochukia chumvi kuliko karibu miti yote. Nilikuwa nimeweka chumvi kwenye mizizi yake, kisha nikaweka kitu cha kuizuia isiondoke. Na kwa kuwa nilichanganya mapipa yote katika gunia moja, hakuna aliyeweza kujua kiriba kipi kimepata nini.

Siku tatu sikumwambia.

Nikisema hivyo sasa naona aibu, lakini zilikuwa siku tatu kamili, na katika kila moja nilipita kitaluni, nikamsalimia, nikanywa chai aliyonipa. Alikuwa amekata majani yaliyoungua akayatupa, na alikuwa amewaambia wenzake wa kanisa waiombee miche. Siku ya tatu alinipa mche mmoja niupande nyumbani kwangu, "wa shukrani," akasema. Niliupakata kwenye pikipiki mpaka Kagugu, na nilipofika sikuweza kushuka. Mwenye pikipiki aliuliza kama naumwa.

Mume wangu alinikuta nimekaa barazani na ule mche miguuni. Nilimweleza yote. Hakunikatiza.

"Sasa wewe naogopa nini?" akauliza. "Yeye takukasirikia?"

"Hapana. Naogopa hatanikasirikia."

Alikuna kichwa. Kisha akasema kwa Kinyarwanda, ili asikosee, kwamba kila siku ninayoongeza mizizi inakunywa, na kwamba aibu yangu si mche, haitakufa nikiiacha bila maji. Asubuhi alinisindikiza hadi barabara ya juu. Bondeni nilishuka peke yangu, ule mche mkononi.

Mama alikuwa amekaa kwenye gunia akishona viriba. Nilibaki nimesimama. Nilimwambia kuhusu ile soda, kuhusu pipa la Ijumaa, kuhusu kuosha mara moja. Nilimwambia kwamba nimejua tangu Jumamosi. Sindano haikusimama. Alimaliza kiriba alichoshika, akakata uzi kwa meno, akakiweka juu ya vingine.

"Jumamosi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na jana ulikunywa chai yangu."

"Ndiyo."

Akatazama mistari yake. Mbali, juu ya ghorofa ambalo halijaisha, mtu alikuwa anapiga nyundo, na nakumbuka nilikuwa nasubiri ile nyundo inyamaze, kama vile ikinyamaza atanisamehe. Haikunyamaza.

"Iko dawa?" akauliza.

"Kuitoa yote. Kuosha mizizi kwenye maji safi, maji mengi, kubadilisha kila mara, kisha kuipanda upya kwenye udongo usio na kitu. Mingine itakufa kwa kuoshwa kwenyewe."

"Na tusipoosha?"

"Itakufa yote. Polepole."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Maji mengi. Mwezi wa saba. Umeniletea kitu cha kunipunguzia maji, sasa unataka mto."

Kiangazi kilipokolea, bomba la kulipia lilikuwa limeanza kutoka siku mbili tu kwa wiki. Kwa jerikeni tusingeosha hata mistari mitatu. Mahali pekee nilipojua pana maji ni kiwandani, kwenye tangi la kuoshea matunda, na ili kuyapata nilipaswa kurudia maneno yaleyale mbele ya meneja.

Nilidhani nimemaliza hofu yangu kwa mama. Kumbe ilikuwa imebaki nyingine. Meneja alinisikiliza akiwa amesimama, akaenda kufunga mlango, na hapo nikajua ni vibaya.

"Nani alikuruhusu kuwapa watu taka za kiwanda?"

"Wewe uliniambia niyaondoe."

"Nilikuambia uyaondoe. Sikukuambia uyapeleke kwenye shamba la mama wa watu!" Alipumua kwa nguvu. "Unajua wakaguzi wakisikia kwamba maganda yangu yana kostiki? Utaeleza nini? Nitaeleza nini?"

Nilimwambia tu kwamba miche ina siku chache. Alikaa. Alizungusha kalamu. Nilitazama mikono yangu, nikaiona imekuwa ya zambarau kabisa kuzunguka kucha, na nikafikiri kwamba nitaondoka hapa bila kazi na bado rangi hii itanichukua mwezi kutoka.

"Andika kila kitu," akasema mwishoni. "Siku, pipa, nani alimwaga. Na fundi naye aandike. Kuanzia leo hakuna ganda linalotoka nje ya geti hili." Nilipofika mlangoni akaongeza, bila kuinua macho, "Gari la tangi litashuka kesho saa moja. Mara mbili tu."

Mama alikuwa amewaita wenzake wa jumuiya. Walifika wanane asubuhi, na mabeseni yao vichwani, wengine wamevaa kanga za kanisa, na yule aliyeniita daktari alikuwa miongoni mwao. Nilijiandaa kusimama mbele yao niwaeleze. Mama alinitangulia.

"Udongo umeingia chumvi," akawaambia. "Tunaosha."

Hakusema imeingiaje. Sijui mpaka leo kama alinisitiri mimi au alijisitiri yeye, baada ya sifa zote alizonimwagia kwao. Lakini mimi nilishindwa kuinama juu ya beseni na uongo huo, hata kama haukuwa uongo. Nikasema, "Ni mimi niliyeiweka." Walinitazama. Yule mama wa kunishika mikono akasema, "Basi kunja sketi uoshe," na kazi ikaanza.

Tulipasua viriba kwa wembe, tukachovya mizizi, tukaitikisa, tukachovya tena. Chenga zangu zilitoka zimevimba, zinang'aa, zimejaa maji kama macho ya samaki. Zilikuwa zimefanya kazi yake vizuri kabisa. Hilo liliniumiza zaidi. Mizizi mingine ilikuwa myeupe. Mingine ilikuwa kahawia, ukiigusa inabaki vidoleni. Hatukutupa hata mmoja. Mama alipiga marufuku. "Mgonjwa hatupwi akiwa anapumua," akasema, na ikapandwa yote, mizima na iliyokwisha.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kuhesabu. Juma la kwanza majani yalianguka hata kwenye miche iliyokuwa imeonekana mizima. Nilijua ingetokea, nilikuwa nimemwambia ingetokea, na bado kila asubuhi niliposhuka bondeni na kuona vijiti vitupu vimesimama kwenye udongo, nilivikwaruza kwa ukucha kuona kama ndani bado kuna kijani. Mama aliacha kuniandalia chai. Hakunifukuza, alinisalimia vizuri, lakini birika lilikuwa halipo. Tulimwagilia bila kuongea. Siku za bomba kutoka nilibeba jerikeni mbili kabla ya kazi na mbili baada ya kazi, na magoti yake niliyoyatumia kumshawishi yalikuwa mbele yangu kila alipopiga hatua.

Siku ya kumi na tisa aliniita kutoka mwisho wa kitalu. Nilidhani ameanguka, nikakimbia. Alikuwa ameinama juu ya mche mmoja, amevaa miwani yake ya kusomea sala.

"Macho yako ni ya kijana. Hii nini?"

Juu ya kijiti, pale alipobebesha, palikuwa na kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama. Nilipiga magoti. Lilikuwa chipukizi. Nilimwambia ni chipukizi, huku nikijifuta macho kwa mkono wenye udongo, na yeye akasema, "Basi usililie, kuna chumvi," ndipo tukacheka kwa mara ya kwanza baada ya mwezi.

Miche iliyochipua ilikuwa mia moja na sabini na mmoja. Iliyobaki tuliing'oa mwezi wa nane, tukaichoma. Mama alichagua kwenda Rebero mwenyewe, kabla ya mvua, kuwaambia watu kwamba hana mia tatu. Nilimwomba niende naye, akasema, "Kwani ulidhani utabaki? Wewe ndiye utakayesema."

Mkutano ulikuwa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu walikuwa bado na majembe na matope ya mitaro. Nilisimama nikaeleza kwa Kinyarwanda changu cha mtu aliyekulia nje, nikikosea, na watu wakitabasamu mahali pasipochekesha. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza kama miche iliyobaki ina sumu. Nikamwambia hapana. Mama mwingine akauliza kwa nini wasinunue kwingine. Mwingine akasema huyu mama wa kitalu ndiye aliyewapa miche ya maua bure mwaka ule wa kufungua barabara, na kwamba yeye hanunui kwingine. Zikawa kelele. Nilitazama ardhi.

Aliyepata njia alikuwa kiongozi wa mtaa huo, mwanamke wa umri wangu mwenye kofia ya mpira.

"Nyumba mbili, mti mmoja," akasema. "Unapandwa mpakani. Inayobaki iende kwenye mteremko wa chini."

"Na matunda?" akauliza mtu.

"Yakianguka kwako, yako."

Walibishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu yangu. Wengine hawakuwa wanasalimiana na majirani zao. Mmoja alikataa kabisa mpaka ajue nani atafagia majani. Lakini wakakubali, jina kwa jina, na mama aliandika kwenye daftari nyumba ipi na ipi.

Meneja hakunifukuza. Yale maandishi yangu aliyafungia kabatini, na kwa miezi miwili hakuingia chumbani kwangu. Kisha shimo likajaa tena, majirani wakaja tena, na siku moja nikamkuta fundi anaunganisha bomba jipya la maji ya kuoshea, mbali na maganda. Nikaruhusiwa pipa moja, jeupe, lenye kifuniko, lisilojazwa siku ya kuosha. Nalichemsha mwenyewe, naosha ute mara tatu, naandika tarehe kwenye kila mfuko na kuujaribu kwa mwezi mzima kwenye miche michache ya parachichi, si maharage, kabla ya kumpa mtu. Bado nikitoa karatasi ya kupimia majini nafumba macho kwanza. Mama bado hajaniomba chenga, nami sijamtajia.

Mvua za mwezi wa tisa zilichelewa kidogo, zikaja kwa nguvu. Siku ya kupanda nilikwenda Rebero na buti za mume wangu. Mteremko ulikuwa unateleza, mashimo yamejaa maji, watoto wanakimbia na vijiti vya kupimia. Kwenye mpaka wa nyumba mbili, mwanamume na mwanamke ambao kiongozi alituonya kwamba wana ugomvi wa ukuta walisimama kila mmoja upande wake, wakiutazama mche wenye majani matano.

"Uinamie kidogo huku," akasema mwanamume.

"Uende wima," akasema mwanamke.

Mama alipiga magoti kwa shida katikati yao, akaushika mche kwa vidole viwili, akaushindilia udongo pande zote. Nilimpa mkono ainuke. Aliushika, akanielemea kwa uzito wake wote, na hakuuachia tulipokuwa tunapanda mteremko kwenda nyumba inayofuata.